Shikamoo za Laini 114

Wiki ya saba ilikuwa imeingia na simu ya mezani ya Mama Waya haijaita hata kwa bahati mbaya. Hata wale waliozoea kukosea namba wakitafuta duka la vigae walikuwa wameacha kukosea. Mara mbili kwa siku, asubuhi na baada ya chakula cha mchana, mama huyo aliunyanyua mkono wa simu, akausogeza sikioni, akasikia ule mlio wake mrefu, vuuuu, kisha akaurudisha taratibu kama anayemfunika mtoto shuka. Simu nzima, laini nzima. Walioisha ni watu.

Kwa vyeti, yeye ni mkuu wa TEHAMA katika kiwanda cha magodoro. Lakini ukifika getini ukamuulizia kwa cheo hicho, utaelekezwa hadi chooni. Uliza Mama Waya. Jina alilipata miaka ishirini na miwili iliyopita, alipoajiriwa kuchapa barua. Siku yake ya tatu kazini kompyuta ya ofisi ya mauzo ilizimika. Akaletwa fundi kutoka nje, akaizunguka saa mbili nzima, akaipigapiga ubavuni, akavua kofia na kutangaza kwamba mashine imeshakwenda zake. Mchapaji mpya akakunja sketi, akaingia chini ya meza kwa magoti, akatoka na utando wa buibui nywelini na waya mkononi.

"Huu ulikuwa umechomoka," akasema.

Fundi alivaa kofia yake na kuondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo, kila kilichogoma kilikuwa cha mchapaji. Akasoma masomo ya jioni, akapata cheti, akapata cha pili, akapewa kitengo chenye watu watatu na chumba kimoja pale chini, jirani na mlango wa kupakilia magodoro, na laini ya simu: 114. Aliandika mwenyewe vikaratasi na kuvibandika kila ofisi: UKIKWAMA, PIGA 114. Vingine viko hadi leo, vimegeuka rangi ya chai.

Na watu walikwama, tena kwa moyo wote. Simu iliita kuanzia saa mbili asubuhi.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo Mama, ila..."

Hapo kwenye "sijambo" ndipo Mama Waya alipofanyia kazi. Sijambo ya haraka haraka: faili limepotea na bosi amesimama nyuma ya kiti. Sijambo ya kuvutwa: mtu amebonyeza kitu alichokatazwa kubonyeza. Sijambo yenye kicheko kidogo mwishoni: chai imemwagikia kibodi. Kabla mwenzake hajamaliza sentensi, yeye alishajua abebe bisibisi au kitambaa. Kisha angeuliza swali lake moja, lile lililomjengea heshima kiwanda kizima: "Umezima ukawasha?"

Mambo yalibadilika pale Meneja, kijana wa miaka thelathini na sita asiyeamini soksi, aliporudi kutoka semina ya siku nne akiwa na mfuko wa kalamu za bure na neno jipya.

"Mama, dunia imehama. Sasa ni akili bandia."

"Bandia kama kucha?"

Meneja alicheka kile kicheko cha mtu mwenye shida na wewe. "Wakuu wa TEHAMA siku hizi hawakimbizani na printa, Mama. Wanakaa meza moja na wenye kampuni, wanasema biashara ielekee wapi. Wewe chini ya meza umeshakaa vya kutosha. Panda juu."

Tusimsingizie mama wa watu kwamba alilazimishwa. Alipenda. Mtu aliyetumia nusu ya maisha yake akiongea na visigino vya wenzake, ukimwambia apande juu akae nao uso kwa uso, lazima moyo umruke. Na kazi aliiweza. Msaidizi mpya wa mashine alihitaji kufundishwa, na Mama Waya alikuwa na kitu ambacho hata wataalamu waliouza mfumo walikishangaa: kumbukumbu za miaka kumi na moja za kila tatizo lililowahi kuripotiwa, pamoja na majibu yake, ameyachapa neno kwa neno kama yalivyosemwa kwenye simu. Na zote zilianza na salamu.

"Hizi salamu tuzitoe," mtaalamu mmoja alishauri. "Hazina taarifa."

"Mtu haanzi na printa," Mama Waya alimjibu. "Anaanza na mtu. Ziache."

Zikaachwa. Mashine ikasoma yote, ikameza, na ilipoanza kazi, ikiandikiwa inajibu kwa maandishi na ikisemeshwa inajibu kwa sauti, watu walishika vichwa. Maneno yalikuwa yake kabisa, na hata sauti waliyoipa ilifanana na yake: ile "pole mwanangu", ile "taratibu, mashine haina miguu, haitakukimbia", na ile "umezima ukawasha?" Wakaipa jina siku hiyo hiyo: Waya Mdogo. Mwezi wa kwanza ilimaliza matatizo tisa katika kila kumi. Wasaidizi wawili wa Mama Waya wakahamishiwa kwenye takwimu za mauzo, wa tatu akapata kazi kwingine. Mwenyewe akapandishwa ghorofa ya nne, kwenye ofisi ya vioo yenye mti wa plastiki ambao mfanya usafi anaumwagilia kila Jumatatu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia. Laini yake alipanda nayo, 114 ile ile, alilisisitiza hilo. Cheo kilichobandikwa mlangoni kilikuwa kirefu hadi kikakunja kona.

Na huko juu hakukaa bure. Alichukua takwimu za miaka sita, akazipitisha kwenye mfumo, akaiambia bodi wapunguze magodoro ya futi sita na waongeze ya tatu na nusu. Shule za bweni zilipofunguliwa, stoo ilibaki na mbao na panya. Wenye kampuni walimpigia makofi. Alirudi ofisini kwake na makofi yale masikioni, akakaa, akaitazama simu. Akanyanyua. Vuuuu.

Nyumbani hakulisema hilo, lakini mumewe alikuwa mwalimu wa udereva, mtu aliyelipwa kutazama watu wanachokiogopa. Jioni moja wakiwa mezani alimuuliza, "Leo umeinyanyua mara ngapi?"

"Nini?"

"Hiyo simu. Unakula huku mkono wa kushoto uko hewani."

Mama Waya aliushusha mkono. "Mara mbili tu."

"Mke wangu, umefundisha mashine kuitikia shikamoo kwa wiki tatu. Mimi miaka ishirini na tisa sijaweza kukufundisha kurudi nyuma na gari."

Alicheka, kisha akasema akiitazama sahani, "Zamani nilikuwa naomba ipumzike hata dakika tano nimalize chai. Sasa chai naimaliza. Namaliza birika zima."

Mumewe akamwongezea mboga.

Jumanne ya wiki hiyo ya saba Meneja aliingia na karatasi moja.

"Ijumaa bodi inakaa, Mama. Hapa kuna mambo matatu ya kusaini. Kile chumba cha chini tukifunge, kiwe stoo ya mito. Laini 114 tuikate, maana haina kazi tena. Na Waya Mdogo tumwondolee salamu. Nimepima: salamu zinakula sekunde kumi na moja kila mazungumzo."

"Na anayetaka kuniita mimi?"

"Nani, Mama?" Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua, na hilo ndilo lililochoma. "Ila kuna shida moja ndogo. Stoo ya sponji wiki tatu haijaingiza kitu kwenye mfumo. Yule mzee wetu amerudia karatasi na kaboni. Ukiwa na nafasi, ongea naye."

Nafasi? Mama Waya alikuwa na nafasi ya kuuza. Lakini alipokuwa akishuka ngazi aliishika ile karatasi kwa vidole viwili kama kitu chenye maji. Chumba kilikuwa chumba tu, na mito nayo inahitaji pa kulala. Ila 114? Ikikatwa hiyo, humo ndani mwa kiwanda kutakuwa hakuna tena namba ambayo mtu aliyekwama anaweza kuibonyeza akampata yeye. Na aliyekata atakuwa yeye, kwa saini yake.

Stoo ya sponji inanuka dawa na joto, na mabonge ya sponji yamepangwa hadi darini kama mikate ya majitu. Katikati ya mabonge hayo yuko Babu Mizani, mpima uzito, mtu mkubwa kwa umri kuliko wote kiwandani, aliyekwishaagwa mara mbili kwa kustaafu na mara zote mbili akarudi Jumatatu yake kana kwamba keki za kumuaga zilikuwa za mtu mwingine.

"Shikamoo Babu."

Hakuitikia mara moja. Alimtazama juu ya miwani. "Kwanza niambie. Umekuja kama wewe, au umekuja kama yeye?"

"Yeye nani?"

"Huyo mwanao. Njoo uone adabu uliyomfundisha."

Akaigeuza skrini. Wiki tatu nyuma, Babu Mizani aliandika kwa kidole kimoja, na herufi kubwa tupu: HABARI ZA ASUBUHI. MIZANI HAISOMEKI KWENYE KOMPYUTA. Na Waya Mdogo akajibu: "Marahaba mwanangu, hujambo? Pole. Umezima ukawasha?"

Mama Waya alijaribu kujizuia. Aliuma mdomo, akatazama dari, akashindwa. Alicheka hadi akaegemea bonge la sponji, na bonge likambonyea, akazama nalo hadi mabegani.

"Cheka," alisema Babu Mizani. "Mimi meneja wako nimemwona akiletwa hapa na baba yake amevaa kaptula, kamasi zinamtiririka, akajificha kwenye hizi sponji tukamtafuta hadi saa kumi. Leo kitu cha juzi kinaniitikia marahaba wakati sikukiamkia, na mwanangu juu."

"Babu, haijui. Imejifunza kwa majibu yangu, na walionipigia karibu wote walikuwa wadogo zangu. Inadhani kila mtu duniani ni mdogo wake."

"Ndiyo ninachosema. Ina akili, haina macho."

"Sasa si ungenipigia mimi?"

Babu Mizani alivua miwani kabisa. "Nimekupigia. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. 114. Anapokea huyo huyo."

Mama Waya alijitoa kwenye sponji taratibu. Akavuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta ya stoo, akaingia kwenye mipangilio ya simu za kiwanda. Laini 114: simu zote zinazoingia zielekezwe kwa msaidizi wa mashine. Sababu: majaribio, wiki mbili. Aliyeidhinisha: herufi mbili za jina lake mwenyewe. Tarehe ilikuwa ya wiki saba zilizopita, ile wiki ya kuhama, ya maboksi na kelele na cheo kilichokunja kona. Alipanda ngazi na simu mkononi na akili kwenye mapazia ya ofisi mpya. Tangu hapo, mara mbili kwa siku, alikuwa akiinyanyua kuhakikisha ni nzima. Watu wa kiwanda kizima aliwauliza kama wamezima wakawasha. Mwenyewe hakujiuliza.

"Imekuwaje?" Babu Mizani aliuliza.

"Waya ulichomoka," akasema. "Niliuchomoa mimi."

Alifungua orodha ya simu zilizopokelewa. Mia nne na kumi na mbili. Alizisoma pale pale, akiwa amekaa, huku Babu akipima sponji na kuandika kwenye kaboni yake akijifanya haangalii.

Nyingi zilikuwa za kazi, na zimemalizwa vizuri, ukweli usemwe. Printa, neno la siri, printa, skrini nyeusi, printa. Lakini katikati yake zilikuwamo nyingine. Mshona foronya wa zamu ya asubuhi: "Shikamoo Mama, leo sina shida yoyote, nimetamani tu kukusikia." Jibu: "Marahaba mwanangu. Umezima ukawasha?" Dereva wa forklifti: "Shikamoo Mama, mke wangu amejifungua, nikasema nikwambie mapema." Jibu: "Marahaba mwanangu. Pole. Taratibu, mashine haina miguu." Mtu wa mapokezi: "Mama, mbona siku hizi sauti yako imenyooka hivyo, unaumwa?" Na pembeni ya kila moja, kwa rangi ya kijani, maneno mawili: tatizo limetatuliwa.

Alizihesabu hizo peke yake. Arobaini na moja. Arobaini na moja zilimtafuta yeye, na zote zilipokelewa, zikaitikiwa kwa maneno yake, zikafungwa. Dereva yule alipata mtoto wa kike au wa kiume? Hakujua. Alikuwa ghorofa ya nne akinywa chai hadi mwisho.

Jumatano na Alhamisi hakuinyanyua simu, wala hakukumbuka kwamba mizani ya Babu bado haisomeki. Aliuacha ule mwelekeo kama ulivyo, kwa sababu alitaka kwenda mbele ya bodi na jambo lililokamilika, si na aibu.

Ijumaa wenye kampuni walikuwa watano, na Meneja wa sita. Mama Waya alieleza mauzo, akaeleza mpango wa mwaka ujao, kisha akafika kwenye karatasi.

"Chumba nimesaini," akasema. "Mito iingie. Salamu sijasaini, laini sijasaini."

Meneja aliguna. "Mama, tisa katika kumi inamaliza yenyewe. Wewe ndiye uliyetuletea hesabu hiyo."

"Na ni ya kweli. Ila kuna arobaini na moja imeziandika zimetatuliwa, na hazikuwa matatizo."

"Zilikuwa nini?" mmoja wa wenye kampuni aliuliza.

"Walikuwa wananisalimia. Mmoja alikuwa ananiambia mke wake amejifungua. Mashine ikampa pole."

Kicheko kilipita mezani, hata Meneja kikamponyoka. Mama Waya aliwangoja wamalize. "Stoo ya sponji ilikaa wiki tatu bila takwimu kwa sababu ya neno marahaba. Mimi ndiye mkuu wa mfumo huu na sikujua, kwa kuwa simu yangu niliifunga mwenyewe nikasahau. Mnaniambia kuongoza ni kuona mbali. Sawa. Lakini nilikuwa nasikia karibu, na hilo nimelipoteza. Nataka sheria moja tu: mashine isiitikie tena shikamoo. Mtu akiiamkia, imlete kwangu, 114. Mengine yote imalize yenyewe."

"Watu wote wataamkia ili wapitishwe," alisema Meneja.

"Walio wavivu wa kusubiri wataiuliza mashine habari za printa yao na kwenda zao. Atakayeamkia ana lake."

Walivutana hadi chai ikapoa. Mwishowe wakamkatia miezi mitatu. Kama simu zitapungua chini ya kumi kwa wiki, laini inakatwa na salamu zinaondoka, na hapo atasaini bila hotuba. Alikubali. Jioni hiyo aliubadili ule mwelekeo wa majaribio, akaandika sheria mpya: anayepiga 114 apokelewe kwanza na mashine, na akiamkia apitishwe kwake; akaijaribu mara tatu.

Jumatatu, saa mbili na dakika nne, 114 iliita. Mama Waya aliitazama iite mara mbili nzima kwa raha zake kabla ya kuipokea.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo! He! Ni wewe mwenyewe?" Alikuwa dereva wa forklifti. "Mtoto ni wa kike, Mama. Na kuna ujumbe hapa wa Babu Mizani. Anasema nikwambie hivi, nanukuu, 'sijafikia hapo.'"

"Hajafikia wapi?"

"Amepiga 114 kuhusu mizani yake. Mashine ikamwambia, ukimtaka Mama Waya, amkia kwanza. Akaikata. Anasema yeye na shikamoo walishaachana miaka kumi nyuma, hamwoni wa kumwamkia humu ndani, sembuse kompyuta."

Mama Waya alijipiga paji la uso. Kiwanda kizima kilikuwa na mtu mmoja tu asiye na mkubwa wake, na sheria yake ilikuwa imemfungia huyo huyo mlango. Alichukua bisibisi kwenye droo, akashuka ghorofa nne, akapita kwenye mlango wa chumba chake cha zamani. Mito ilikuwa imejaa hadi dirishani. Pale juu ya soketi kikaratasi chake bado kilikuwepo, rangi ya chai. Alisimama pale muda mrefu kidogo kuliko alivyokusudia.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba." Safari hii iliitikiwa papo hapo, nzito, imeshiba.

Alipiga magoti nyuma ya mizani. Waya ulikuwa umelegea, basi. Aliukaza, namba zikatokea kwenye skrini, Babu Mizani akazitazama kama wageni waliochelewa.

"Naomba radhi kwa ile sheria," Mama Waya alisema akijipangusa. "Nikirudi juu narekebisha, dakika tano. Ukisema tu habari, inakuleta moja kwa moja kwangu."

Babu Mizani alichukua bonge dogo la sponji, akaliweka kwenye mizani, akaliondoa, akaliweka tena.

"Usirekebishe."

"Kwa nini?"

"Ikirekebishwa, hutashuka."

Alisema hivyo akiwa amempa mgongo, akiandika uzito wa bonge alilokwishalipima. Mama Waya alisimama na bisibisi yake kati ya mabonge, akivuta ile harufu ya dawa na joto aliyokuwa akiilalamikia miaka ishirini, akajishangaa kwamba ilikuwa imemwisha puani na hakutambua.

Sheria hakuirekebisha. Kila siku saa mbili na nusu anashuka, anaamkia, anaitikiwa, anakaza waya ambao hauna haja ya kukazwa. Meneja alishamuuliza safari hizo ni za nini, akamjibu ni matengenezo ya kinga. Na siku nyingine, akiwa ngazi ya tatu akishuka, anaisikia 114 ikiita huko juu nyuma ya vioo. Anasita, mkono kwenye ukingo wa ngazi, akihesabu milio. Wiki hii waliopiga wamefika kumi na mbili. Wiki iliyopita walikuwa tisa. Wa kumi alijiandika yeye mwenyewe, alipopiga kutoka stoo ya sponji kusikia kama inaita.